Sayyida Salme wa Unguja na Kumbukumbu za Utoto Wake

Mpenzi msomaji, kabla hujaendelea kusoma, weka chini gazeti hili kwa dakika moja ujiulize: ni jambo gani la kwanza kabisa unalolikumbuka katika maisha yako? Sikuulizi lile uliloambiwa na wazazi wako, bali lile uliloliona kwa macho yako mwenyewe likakaa moyoni. Kwa mmoja huwa ni kishindo cha kinu na mchi alfajiri. Kwa mwingine ni mkono wa bibi yake. Na kwa mwingine ni msiba uliojaza watu nyumbani pasipo mtu yeyote kumweleza sababu.

Swali hili liliwahi kuulizwa mbele yangu huko Chwaka. Msomaji asiyekijua kisiwa cha Unguja na afahamu ya kuwa mtu akitoka Mjini akashika njia ya mashariki, akapita Dunga palipokuwa na jumba la Mwinyi Mkuu, mwisho wa njia hiyo hufika Chwaka, kijiji cha wavuvi kilicho kando ya ghuba pana yenye mikoko. Maji yakitoka hapo hutoka mbali sana, na ufuko huonekana kama uwanja usio na mwisho. Tulikuwa tumekaa barazani baada ya Sala ya Alasiri, wazee wachache na vijana, na mimi mgeni wao. Mzee mmoja akasema kwamba jambo la kwanza analolikumbuka ni kuketi ndani ya ngalawa ya baba yake, na maji yakigonga ubao chini ya miguu yake. Mwingine akasema yeye hukumbuka chuo cha Kurani na sauti za watoto wakisoma kwa pamoja. Kijana mmoja akacheka kidogo, akauliza mambo hayo ya utotoni yana faida gani kwa mtu mzima mwenye mizigo yake.

Sikutaka kumjibu kwa hoja. Nikamsimulia habari za mtoto aliyezaliwa katika kisiwa hicho hicho, kwenye pwani ya upande wa pili, ambaye kumbukumbu zake za utoto zilimfuata mpaka nchi za baridi, akaziandika, na kwazo jina lake likabaki duniani. Habari hizo ndizo ninazokuletea wewe nawe, kwa maana ndani yake mna mazingatio kwa kila mzazi, na zaidi kwa kila mtu anayetafuta dini ya kweli au aliyeiingia si siku nyingi.

NYUMBA YA MTONI

Sayyida Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Beit el-Mtoni, pwani ya magharibi ya Unguja, kilomita chache kaskazini ya Mjini. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Zanzibar, yule aliyehamishia makao yake Unguja kutoka Maskati, na ambaye katika zama zake mikarafuu ilienea katika mashamba ya kisiwa. Mama yake aliitwa Jilfidan, suria aliyetoka Circassia, nchi ya milima iliyo karibu na Bahari Nyeusi.

Salme alikaa Mtoni mpaka alipofikia umri wa miaka kama saba, na alipokuja kuyaandika maisha yake, huko ndiko alikoanzia. Alikumbuka kijito kilichopita ndani ya eneo la jumba, ambacho ndicho kilichoipa nyumba hiyo jina lake. Alikumbuka ua mkubwa ambamo paa, tausi, kanga, bata, heroe na mbuni walitembea huru, na jinsi watoto walivyokuwa wakiyavizia mayai ya mbuni ili wampelekee mpishi mkuu awape vitu vitamu. Alikumbuka msongamano wa watu, maana waliokaa katika jumba hilo walikadiriwa kufika elfu moja, mabwana na watumwa. Alikumbuka na lugha: mbele ya baba yake ilipasa kusemwa Kiarabu peke yake, lakini mara tu alipogeuka kukasikika Kiswahili, Kiajemi, Kituruki, Kihabeshi na nyinginezo, kila mtu akirudia ulimi wa kwao.

Juu ya yote alimkumbuka baba yake. Palikuwa na roshani kubwa ya mviringo, ya mbao, iliyoelekea baharini. Hapo Sayyid Said alikuwa akitembea huku na huku kwa muda mrefu, kichwa amekiinamisha, akichechemea kidogo kwa sababu ya jeraha la risasi alilolipata vitani. Mtoto alimtazama asijue nini kinampitia baba yake moyoni. Zingatia hapa, ewe msomaji. Dunia ilimjua Sayyid Said kwa mikataba yake na merikebu zake. Binti yake alibaki na mtu anayetembea kimya juu ya ubao. Watoto wetu nao hawatatukumbuka kwa vyeo vyetu. Watakumbuka namna tulivyotembea ndani ya nyumba.

MTOTO ALIYEPORWA

Pamoja na kumbukumbu zake mwenyewe Salme alipokea nyingine kutoka kwa mama yake, nazo zilikuwa chungu. Jilfidan alikuwa binti wa mkulima, mmoja wa watoto watatu. Vita vilipoingia katika nchi yao, wazazi na watoto walijificha mahali chini ya ardhi. Maadui wakapaingia, wakawaua baba na mama, na wapanda farasi watatu wakachukua kila mmoja mtoto wake. Aliyemchukua kaka alitoweka upesi. Wawili waliosalia walikwenda pamoja mpaka jioni, na mdogo wa kike, mwenye umri wa miaka mitatu tu, akimlilia mama yake njia nzima. Kisha nao wakaachana. Tangu saa hiyo Jilfidan hakusikia tena habari za kaka yake wala za mdogo wake.

Alifika katika nyumba ya Sayyid Said akingali mdogo mno, hata ikasimuliwa kwamba jino lake la kwanza la utoto aling'oka akiwa humo humo ndani. Huyo ndiye mwanamke aliyemlea Salme: mrefu, mpole, mwenye nywele ndefu zilizofika magotini, na mwenye huruma kwa wagonjwa. Naomba uiweke habari hii akilini, kwa kuwa tutairudia.

KUHAMA MTONI

Ulipowadia wakati wa kaka yake Majid kupewa nyumba yake mwenyewe Mjini, iliyoitwa Beit el-Watoro, Jilfidan alikwenda kukaa huko pamoja na Majid na dada yake Khadija. Mama yao watoto hao alikuwa amekwisha kufa, na Jilfidan alikuwa amejifunga kuwa kwao mahali pa mama. Basi Salme, mtoto wa miaka saba, akapakiwa mashuani akaiacha Mtoni.

Watu wazima waliona ni safari fupi ya pwani. Kwa mtoto ilikuwa ni kuhama dunia. Nyumba mpya ilikuwa finyu mbele ya macho yake. Hapakuwa na ua mpana, hapakuwa na kijito. Alikuwa na mashua yake ya kuchezea, na swali lililomsumbua ni wapi sasa ataielea. Sisi wakubwa huwa tunacheka masikitiko kama hayo. Lakini mwanamke aliyekuja kupoteza nchi, ndugu, mume na mali, bado aliikumbuka mashua hiyo baada ya miaka mingi, wala hakuona haya kuiandika katika kitabu chake.

Pole pole aliizoea nyumba ya Majid. Mtoni alikuwa amekwisha fundishwa kupanda wanyama kama watoto wote wa jumba; sasa kaka yake akamfundisha kutumia upanga na kulenga shabaha kwa bunduki, mambo ambayo mama yake hakuyapenda, kwani alitaka binti ajifunze kushona. Alikuwa mtoto asiyetulia. Siku moja aliparamia mnazi mrefu bila hata kamba ya miguuni ambayo wakwezi huitumia, akawa anawasalimu wapita njia kutoka juu, na watu wa nyumbani walisimama chini wakimsihi na kumwahidi kila zawadi mradi ateremke salama.

MFUPA WA NGAMIA

Kuna kumbukumbu moja katika utoto wa Salme inayostahili kusomwa na kila Mwislamu. Watoto wa Sayyid Said walisomeshwa na mwalimu wa kike aliyetoka Omani. Waliketi juu ya mkeka, kila mmoja na Kurani yake, na bakora ya mwalimu haikuwa mbali. Wavulana walifundishwa kusoma na kuandika. Wasichana walifundishwa kusoma tu. Kalamu ilihesabiwa kuwa kitu kisichomfaa mwanamke.

Salme hakuridhika. Akaichukua Kurani, akautafuta mfupa mpana wa bega la ngamia, ambao watoto wa siku hizo waliutumia mahali pa kibao, akaanza kunakili herufi moja moja kwa siri. Alipoona mkono wake umeanza kutii, akamtafuta mtu wa kumwongoza katika hati nzuri, na akaendelea mpaka akajua. Habari ilipofichuka alilaumiwa sana, lakini kilichokwisha ingia kichwani hakikuweza kutolewa.

Mpenzi msomaji, unaona ajabu ya jambo hili? Ufunuo wa kwanza uliomteremkia Mtume Mtukufu Muhammad (s.a.w.) katika pango la Hira ulikuwa na amri ya kusoma, na papo hapo kalamu ikatajwa kuwa ni njia ambayo Mwenyezi Mungu amemfundishia mwanadamu. Bibi Aisha (r.a.) aliwafundisha masahaba elimu ya dini, na wanaume wazima walimwendea wapate kuuliza. Hata hivyo katika nyumba ya Kiislamu ya mtawala mkubwa, mtoto wa kike alilazimika kujificha ili anakili herufi za Kitabu hicho hicho. Desturi ilikuwa imekaa mahali pa dini, na watu wakadhani ndiyo dini. Mtu anayeichunguza dini ya Islam na ajifunze kuvitenganisha vitu hivi viwili, na aliye Mwislamu kwa kuzaliwa ajifunze zaidi.

KALAMU YAINGIA FITINANI

Sayyid Said alifariki baharini tarehe 19 Oktoba 1856, akirudi kutoka Omani. Salme alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Majid akashika utawala wa Zanzibar. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1859, kipindupindu kiliingia Unguja na kuua watu wengi, na Jilfidan akawa miongoni mwao. Binti wa miaka kumi na mitano akabaki hana baba wala mama.

Mwaka huo huo kaka yao mwingine, Barghash, alikuwa akipanga kumpindua Majid. Dada yao Khole alikuwa upande wa Barghash, na Salme, aliyempenda Khole kupita kiasi, akavutwa naye. Walihitaji mtu wa ndani, mwaminifu, anayejua kuandika barua za siri. Nani mwingine? Ule ujuzi uliozaliwa juu ya mfupa wa ngamia ukawa sasa unaandika barua za kuagizia silaha dhidi ya kaka aliyemlea. Shauri lao halikufaulu. Barghash alikimbilia shamba la Marseilles, akashindwa kwa msaada wa Waingereza, akapelekwa uhamishoni Bombay. Watu walikufa kwa ajili ya ugomvi huo.

Majid alimsamehe Salme. Lakini kupatana kwake na Majid kulimfanya achukiwe na upande wa Barghash, na upweke wake ukazidi. Akakaa mashambani, Kizimbani na kisha Bububu, na baadaye akarudi Mjini. Kwa miaka mingi alijuta kwa kushiriki kwake katika fitina ile, na alipoandika hakujaribu kujitakasa. Elimu ni neema, lakini isipoongozwa na uchaji huweza kutumikia hasira za watu wengine.

SAFARI YA MWAKA 1866

Huko Mjini nyumba yake ilikuwa jirani na ya mfanyabiashara wa Kijerumani, Rudolph Heinrich Ruete, mtu wa Hamburg. Wakapendana, na mambo yakafikia pale ambapo Salme hakuweza tena kukaa Unguja kwa usalama. Mwezi wa Agosti 1866 aliondoka usiku kwa manowari ya Kiingereza iliyoitwa Highflyer, akashuka Aden. Huko alijifungua mtoto wa kiume. Ruete alipomfikia, tarehe 30 Mei 1867 Salme alibatizwa, akapewa jina la Emily, na siku hiyo hiyo wakafungishwa ndoa na kuanza safari ya Ulaya. Yule mtoto wao wa kwanza alikufa angali mchanga.

Hapa baadhi ya waandishi wetu hupenda kutupa mawe, na baadhi ya waandishi wa upande mwingine hupenda kushangilia. Mimi nakuomba tuache yote mawili. Hukumu ya kilichomo mioyoni ni ya Mwenyezi Mungu peke yake. Lakini yale ambayo Salme mwenyewe aliyaandika tunaweza kuyazingatia. Katika barua zake, ambazo zilichapishwa baada ya kufa kwake, alieleza jinsi alivyoipita sherehe ile pasipo kuandaliwa moyoni, na jinsi alivyokaa muda mrefu hali dini ya zamani amekwisha iacha nyuma na dini mpya haijapata kuingia ndani yake. Na katika kitabu chake alikiri kwamba siku aliyoondoka kwao alikuwa mkamilifu katika Uarabu wake na katika Uislamu wake, ila ukamilifu kama huo hakuupata tena katika yale aliyokuja kuwa.

Fikiri, msomaji, juu ya uchungu wa maneno hayo. Dini aliibadili kwa kusukumwa na mambo yaliyomzunguka, na akili yake haikupewa nafasi ya kuuliza wala moyo wake nafasi ya kutulia. Wewe unayesoma gazeti hili kwa kuwa unatafuta, usikubali kuharakishwa na mtu yeyote: si na rafiki, si na mchumba, si na mwalimu, wala si na mimi niandikaye. Kurani Tukufu imekataza kulazimishana katika dini. Uliza, soma, omba uongofu usiku, mpaka hatua yako iwe ni yako kweli.

Huko Hamburg alizaa watoto watatu, binti wawili na mwana mmoja. Mwezi wa Agosti 1870 mumewe aliumia katika ajali ya gari la abiria lililovutwa na farasi, akafa. Salme hakuwa ametimiza miaka ishirini na sita. Mtoto wake wa mwisho alikuwa na miezi michache tu. Mwaka huo huo Majid akafariki huko Unguja na Barghash akatawala. Barghash hakusahau. Mwaka 1875 alipozuru London, dada yake alikwenda huko akitumaini kuonana naye, akazuiwa na watu wa serikali ya Uingereza. Mwaka 1885 alirudi Unguja pamoja na manowari za Kijerumani, akautembelea mji wake, na watu wengi wakaja kumtazama na kumsalimu. Lakini kaka yake hakumpokea, wala urithi wake hakumpa. Wajerumani nao walikuwa na haja zao katika pwani hii, na machozi ya mwanamke huyu yalikuwa karata mkononi mwao.

KITABU KWA AJILI YA WATOTO

Kwa nini aliandika? Alieleza kwamba watoto wake hawakujua juu ya asili yake ila kwamba ni Mwarabu na ametoka Zanzibar. Akiwa mchovu wa mwili na moyo, akahofu asije akafa kabla hawajakuwa wakubwa wa kutosha kusimuliwa. Basi akaanza kuwaandikia. Ile kalamu aliyoiiba utotoni, na ambayo wakati mmoja ilimwingiza katika fitina, sasa ikafanya kazi iliyo bora kuliko zote: mama kuwaachia watoto wake ukweli. Kazi hiyo ilimchukua miaka, na mwaka 1886 ikachapishwa mjini Berlin kwa Kijerumani. Humo alieleza juu ya chuo, juu ya mfungo wa Ramadhani na Sikukuu, juu ya malezi, vyakula, ugonjwa na heshima ya mwanamke, akiwasahihisha watu wa Ulaya waliodhani wanawake wa Mashariki hawana akili wala haki. Aliyasimulia hayo kwa mapenzi, ingawa kwa jina alikuwa amekwisha hama.

Walakini haki inatudai tuseme na lililo gumu. Katika kitabu hicho hicho Salme aliutetea utumwa. Alisema hali ya watumwa wa Mashariki haikuwa kama Wazungu walivyoidhania, na akalaumu haraka ya kuuondoa. Ni nani aliyeandika hivyo? Ni binti wa Jilfidan. Ni yeye aliyesimuliwa habari za watoto watatu juu ya farasi watatu, na za mdogo aliyelia mpaka jioni. Aliihifadhi hadithi ya mama yake kwa huruma nyingi, lakini hakuona kwamba kila mtumwa aliyebeba maji katika ua wa Mtoni alikuwa na jioni kama hiyo nyuma yake. Alizaliwa akawakuta wapo, kama alivyozikuta kuta na kijito, na jicho lililozoea kitu tangu utotoni huwa halikioni. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na mwaka 1897 utumwa ukaondolewa katika sheria ya Unguja na Pemba.

Linganisha hilo na habari za Zaid bin Haritha (r.a.). Naye alitekwa akiwa mtoto, akauzwa sokoni, akafika katika nyumba ya Bibi Khadija (r.a.), naye akampa Muhammad (s.a.w.), kabla ya Utume. Muhammad akamwacha huru na kumfanya kama mwanawe. Baba yake Zaid alipokuja kumkomboa, Zaid alipewa hiari, akachagua kubaki. Bwana huyo pia alizaliwa katika mji ambamo utumwa ulikuwa kitu cha kawaida kama mchanga. Lakini yeye alimwona mtoto. Hiyo ndiyo tofauti baina ya mtu anayechukua tu alichokikuta, na yule ambaye Mungu amemfungua macho.

MAZINGATIO

Salme aliishi miaka mingi Jaffa na Beirut, karibu na lugha ya utoto wake, kisha akarudi Ujerumani. Alifariki mjini Jena tarehe 29 Februari 1924, akazikwa Hamburg. Husimuliwa kwamba katika vitu vyake ulikutwa mfuko mdogo wenye mchanga wa pwani ya Unguja. Kuta za Mtoni zilizobomoka bado zimesimama karibu na bahari.

Mtume Mtukufu (s.a.w.) ametufundisha ya kuwa kila mtoto huzaliwa katika maumbile safi, na wazazi ndio wanaompeleka huku au huko. Maisha ya Salme ni sherehe ya fundisho hilo. Utoto ulimpa mapenzi ya kusoma, ushujaa na heshima ya wazazi. Na utoto huo huo ulimfumba jicho moja. Hivyo tunapaswa kuushukuru utoto wetu bila kuusujudia. Kurani Tukufu imewalaumu mara nyingi wale ambao hoja yao pekee ni kuwa wamewakuta baba zao wakifanya hivyo.

Na kwako wewe ndugu uliyeingia katika Islam si muda mrefu, nina neno la pekee. Pengine kumbukumbu yako ya kwanza ni mama yako akiomba kwa namna ya dini nyingine, au nyimbo za nyumba nyingine ya ibada. Usiilaani kumbukumbu hiyo wala usione haya kwa ajili yake. Huenda ni hapo ulipojua kwanza kwamba yuko Mungu anayesikia. Kurani imetuamuru kukaa na wazazi kwa wema hata kama hawakubaliani nasi katika dini. Chukua lililo safi, pima lililobaki, na umwombee aliyekulea.

Nilipomaliza kusimulia hayo pale Chwaka, maji yalikuwa yameanza kujaa na ngalawa zilikuwa zinarudi. Yule kijana hakucheka tena. Alikuwa na mtoto wake mdogo, aliyekuwa akichezea mchanga karibu na miguu yetu. Akamwinua, akampangusa mikono, akampeleka kutia udhu pamoja naye kwa ajili ya Magharibi.

Basi mpenzi msomaji, jioni ya leo mtoto wa nyumbani kwako ataona jambo. Pengine atakuona ukisujudu, pengine atakusikia ukimtukana mtumishi. Na moja katika hayo huenda likawa ndilo la kwanza atakalolikumbuka maisha yake yote. Mwenyezi Mungu atuwezeshe tuwaachie watoto wetu kumbukumbu ambazo hawatalazimika kuzikimbia. Amin.